Malizaneni Kwanza na Bendi Zenu za Zamani

Bendi changa ya roki pale Umoja, Nairobi, huwa haianzishwi na wageni wa muziki. Mpiga dramu amekulia nyuma ya dramu za kanisa. Wa besi alikuwa na kundi la shule lililokufa mara tu baada ya KCSE. Mwenye gitaa la solo amepiga nyimbo za watu wengine kwenye baa kila Ijumaa mpaka zikamkinai. Mwimbaji ametoka kwenye kundi la metali lililoweka nyimbo mbili YouTube kisha likanyamaza. Siku moja wanne hawa wanakutana, wanapiga pamoja saa tatu mfululizo, na kila mmoja anarudi nyumbani akijua amepata watu wake. Nawaandikia ninyi mliopitia siku kama hiyo hivi karibuni. Kipaji mnacho, na si kukosa kipaji kunakovunja bendi za aina yenu. Zinavunjwa na mambo ambayo hakuna aliyeyasema mapema: deni lililobaki kwenye bendi ya zamani, wimbo usiojulikana ni wa nani, amplifaya ya kuazima, jina, na pesa za shoo ya kwanza.

Kwanza muondoe aibu. Wapo watakaowaita wasaliti kwa kuacha makundi yenu, lakini muziki wa Nairobi umejengwa na watu waliohama. Wilson na George Kinyonga walianzia Jamhuri Jazz ya Tanga, wakaenda Arusha wakaunda Arusha Jazz, na mwaka 1971 wakavuka mpaka kuja Kenya, ambako bendi yao ikawa Simba Wanyika. Novemba 1978, wapigaji waliokuwa uti wa mgongo wa bendi hiyo, akiwemo Omar Shabani wa gitaa la rithimu, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa dramu, wakaondoka na kuunda Les Wanyika wakiwa na John Ngereza mbele. Samba Mapangala naye aliunda Orchestra Virunga hapa hapa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980 baada ya kundi lake la Les Kinois kusambaratika.

Kisa cha Les Wanyika kina jambo ambalo vijana wa roki hawapendi kulisikia. Wale jamaa walikuwa tayari mabingwa, tena walikuwa wamepiga pamoja kwa miaka. Hata hivyo walijifungia mazoezini karibu nusu mwaka kabla ya kujitokeza kwenye klabu ya Garden Square katikati ya jiji. Wimbo wao "Sina Makosa", ambao hata kijana aliyezaliwa juzi anaujua, umesimama juu ya rithimu, besi na dramu zilizokuwa zimezoeana tangu bendi ya kwanza. Ninyi mmetoka makundi manne tofauti. Mazoea hayo hamna, na hayanunuliwi Luthuli Avenue pamoja na waya na spika. Kama Shabani na Malanga walihitaji miezi sita, ninyi msikubali shoo wiki ya tatu kwa sababu tu rafiki yenu anaandaa tamasha na amebakiwa na nafasi.

Na Simba Wanyika je? Haikufa. Ilijaza nafasi zilizoachwa, ikaendelea kurekodi na kujaza kumbi mpaka Wilson Kinyonga alipofariki mwaka 1995. Bendi mama na bendi mtoto zote ziliishi mjini humo humo, na zote tunazikumbuka. Hilo ndilo lengo mnalopaswa kulenga: muondoke kwa namna itakayowaacha wale mliowaacha wakiwa wazima.

Sasa nije kwenye namna yenyewe ya kuondoka, kwa maana hapo ndipo pana kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kila mmoja wenu arudi kwenye kundi lake la zamani, ana kwa ana, akazungumze mambo matatu: ratiba, mali na nyimbo. Asiandike ujumbe kwenye kundi la WhatsApp usiku kisha akajitoa. Ujumbe wa aina hiyo husambaa Eastlands nzima kabla hakujakucha, na mtaa wetu ni mdogo kuliko unavyoonekana. Mtu uliyemwacha vibaya leo ndiye atakayekuwa anashika miksa kwenye shoo yako mwaka ujao.

Kuhusu ratiba, maliza shoo ulizoahidi. Yardbirds ya Uingereza ilipovunjika mwaka 1968, Jimmy Page alibaki na shoo za Skandinavia ambazo bendi ilikuwa imeshakubali kuzipiga. Akatafuta wapigaji wapya, wakazipiga shoo hizo mwezi wa Septemba wakijiita New Yardbirds, ndipo baadaye wakachukua jina la Led Zeppelin. Bendi ambayo ulimwengu mzima unaijua ilianza kwa kulipa ahadi za bendi iliyokufa. Basi kama kundi lako la Ijumaa lina harusi mbili mwezi ujao na wewe ndiye solo, zipige. Mpiga dramu wa kanisa asiondoke wiki ya Pasaka wala ya Krismasi. Azungumze na kiongozi wa kundi la sifa, aombe muda, na amfundishe kijana mwingine angalau zile nyimbo zinazoimbwa kila Jumapili. Huenda msihitaji hata kumtoa kanisani. Nafahamu wapigaji wanaobeba yote mawili bila tatizo, mradi mchungaji ameambiwa na mwenyewe, wala hakusikia kwa watu kwamba kijana wake siku hizi anapiga muziki wa kupiga mayowe.

Mali ni jambo la moja kwa moja, lakini ndilo linalozaa ugomvi mkali zaidi. Makundi mengi hununua vyombo kwa kuchanga, huyu elfu mbili, yule elfu tatu, na risiti hubaki na mtu mmoja ambaye wala hakumbuki iliko. Ukiondoka, usichukue chombo kilichochangwa ukisema unachukua sehemu yako. Ama mnakiuza mgawane, ama wanakulipa kidogo kidogo, ama unawaachia. Mimi ningewaachia. Spika ya mitumba haina thamani ya kukupotezea watu waliokufundisha kusimama jukwaani. Na kile cha kuazima, hasa cha kanisa, kirudi kikiwa safi na kinafanya kazi, na nyuzi mpya juu yake ikiwezekana.

Nyimbo ndizo ngumu. Mwimbaji wenu ana wimbo alioutunga na wenzake wawili wa zamani, na anataka bendi mpya iupige kwa sababu ni mzuri. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, wimbo uliotungwa kwa pamoja kiasi kwamba mchango wa mmoja hautengeki na wa mwenzake ni mali yao wote, na haki hiyo inaendelea mpaka miaka 50 baada ya mtunzi wa mwisho kufariki. Tena haki ya wimbo haihamishwi kwa maneno ya mdomo. Lazima iwe kwa maandishi yenye sahihi. Kwa hiyo mwimbaji asiseme "huu ni wangu" kwa kuwa sauti iliyosikika ilikuwa yake. Awaendee wale wawili, wakubaliane kama wimbo unahama, na kama unahama, majina yao yabaki kwenye orodha ya watunzi. Wakikataa, uacheni. Bendi mpya inayotegemea wimbo wa bendi ya zamani haijajipata bado, na bora mjue hilo mapema.

Hapa niwataje Duma, maana ndio mfano ulio karibu kabisa na ninyi. Martin Khanja, anayejulikana jukwaani kama Lord Spike Heart, na Sam Karugu walitoka kwenye bendi za metali za Nairobi, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Mwaka 2019 wakaunda Duma, wakaenda Kampala kurekodi kwa watu wa lebo ya Nyege Nyege, na albamu yao ikatoka Agosti 2020. Walichokifanya hakikuwa kurudia zile bendi mbili kwa jina la tatu. Walibeba ile sauti ya kupasua koo waliyoijua vizuri, wakaiweka juu ya midundo ya kompyuta na kelele zilizochakatwa mpaka ikawa kitu ambacho hakikuwa na kabati lake dukani. Watu wawili tu, hakuna mpiga dramu, hakuna besi. Muziki huo uliwafikisha kwenye majukwaa ya Ulaya ambayo bendi zao za awali hazikuwahi kuyakanyaga. Khanja baadaye alitoa albamu yake mwenyewe, The Adept, mwaka 2024, chini ya lebo yake, Haekalu.

Siwaambii muige mlio wao. Nawaambia muangalie namna walivyochagua. Kila mmoja wenu ana kitu ambacho bendi yake ya zamani haikukitumia. Huenda dramu za kanisa zimempa mpigaji wenu ustadi wa kubadilisha mwendo kwa kumtazama tu kiongozi machoni, jambo ambalo wapiga roki wengi hawaliwezi. Huenda solo, kwa kupiga benga na rumba baa, anajua kupitisha noti moja moja kwa usafi ambao mtu wa kupiga nyuzi zote kwa nguvu hana. Kwenye mazoezi ya kwanza, badala ya kuimba nyimbo za Nirvana ambazo kila mtu anazijua, kila mmoja alete kitu kimoja cha namna hiyo na wengine wakijenge juu. Wiki nne za kazi hiyo zitawaonyesha kama mna bendi au mna urafiki. Vyote ni vizuri, lakini havihitaji gharama sawa.

Pia imbeni kwa lugha mnayoitumia kugombana. Kwa miaka mingi roki ya Nairobi imeimbwa zaidi kwa Kiingereza, na sehemu kubwa ya sababu ni kwamba wasikilizaji wake na kumbi zake zilikuwa upande wa Westlands. Lakini Crystal Axis wamepiga panki iliyochanganya Kiingereza na Kiswahili, na watu wakaimba nao. Kijana wa Umoja akikasirika hakasiriki kwa lafudhi ya Seattle. Anakasirika kwa Kiswahili na Sheng, na gitaa lenye mkwaruzo linabeba maneno hayo vizuri sana: silabi zetu nyingi ziko wazi, zinaishia kwa irabu, na mwimbaji anaweza kuzivuta juu ya spika mpaka ukumbi mzima ukazisikia.

Sasa mazoezi yanafanyiwa wapi? Umoja ilianza kujengwa miaka ya 1970 kwa ufadhili wa USAID, nyumba ndogo zenye nafasi ya mwenye ploti kuongeza vyumba kadiri alivyopata uwezo. Wenye ploti waliongeza kweli kweli. Leo Innercore ni ghorofa zimeegemeana, dirisha la huyu linatazama jiko la yule, na ukipiga chafya ghorofa ya nne unaambiwa "afya" kutoka jengo la pili. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zilizo chini ya sheria ya mazingira inayosimamiwa na NEMA, zinaruhusu desibeli 50 nje kwenye eneo la makazi mchana na 35 usiku, na usiku wenyewe kwa kanuni hizo unaanza saa mbili usiku. Dramu isiyofunikwa ndani ya chumba hupita desibeli 100 bila mpigaji kutoa jasho. Hakuna hesabu itakayowawezesha kupiga dramu halisi kwenye keja ya Umoja na mkabaki na amani na msimamizi wa ploti, achilia mbali mama mwenye mtoto mchanga chini yenu.

Mtasikia ushauri wa kubandika trei za mayai ukutani. Achaneni nao. Trei za mayai hupunguza mwangwi kidogo wa sauti nyembamba ndani ya chumba. Hazizuii sauti kutoka nje, na besi hupita kana kwamba hazipo. Tena zinashika moto haraka, na chumba chenye waya nyingi, extension moja na trei mia za karatasi ni hatari ya kweli. Sauti huzuiwa na uzito na kuziba nyufa: mlango mzito, magodoro, mablanketi, mapazia manene, na kitambaa chini ya mlango. Hata hivyo vyote hivyo vitapunguza tu.

Gawanyeni mazoezi sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ifanyike nyumbani kimya: magitaa yaingie kwenye kompyuta au simu kupitia kifaa cha kuunganisha, wote mkivaa hedifoni, na mpiga dramu atumie pedi za mpira au mdundo aliouandaa kwenye programu. Hapo ndipo nyimbo zinajengwa, mnakosea, mnasimama, mnarudia beti moja mara ishirini bila kumsumbua mtu. Sehemu ya pili ni ya sauti kamili, mara moja kwa wiki, saa tatu, mahali pa kulipia au pa kuombwa. Studio za mazoezi hutoza kwa saa, kwa hiyo mkifika kule mkiwa bado hamjui daraja la wimbo linaingia wapi, mnachoma pesa. Ukumbi wa kanisa siku ya kazi mchana ni njia nyingine, hasa kama mpiga dramu wenu aliondoka vizuri kwenye kundi la sifa. Mnaona sasa kwa nini nilitumia muda mwingi kwenye suala la kuondoka. Kumbi za kijamii za kaunti nazo zipo Eastlands, na ofisi ya kaunti haikawii kuwaambia bei mkienda wenyewe na barua iliyoandikwa kwa adabu.

Vizibo vya masikio ni lazima, tena kwa wote, si mpiga dramu peke yake. Wataalamu wa usalama kazini huhesabu desibeli 85 kwa saa nane kuwa mpaka, na kila desibeli tatu zinapoongezeka muda salama hupungua nusu. Kwa desibeli 100 mna dakika kumi na tano tu. Mlio wa masikio unaobaki mpaka asubuhi ni jeraha, na sikio likishaharibika halirudi.

Nikija kwenye karatasi, naomba mnisikilize hata kama mnaona ni mambo ya watu wazima. Kabla ya shoo ya kwanza, andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja, wote mtie sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Yaseme jina la bendi ni la nani. Yaseme mtu akiondoka anaondoka na nini. Yaseme nyimbo zinagawanywaje, pesa zinashikwa na nani, na uamuzi mkubwa unahitaji kura ngapi. Hamhitaji wakili kwa ukurasa huo. Mnahitaji ujasiri wa kuzungumza pesa mkiwa bado hamna pesa. Chama cha mama zenu kina daftari, mwekahazina na faini ya kuchelewa, na kimedumu miaka mingi kuliko bendi yoyote ya roki mjini. Fuateni mfano wao.

Jina lisajiliwe kama jina la biashara kupitia eCitizen, likiwa na majina ya wote, wala si la mwenye kompyuta peke yake. Kabla ya hapo litafuteni YouTube, Spotify na Instagram muone kama lina mwenyewe. Jina la Wanyika lilitumiwa na bendi kadhaa baada ya mgawanyiko, ikiwemo Super Wanyika ya Issa Juma, na mpaka leo wapenzi wa muziki huo hubishana wimbo gani ni wa nani. Muziki wao ulikuwa mkubwa kiasi cha kustahimili mkanganyiko huo. Wenu bado.

Kuhusu mgawanyo wa nyimbo, nina msimamo na siufichi: kila wimbo unaozaliwa kwenye chumba cha mazoezi cha bendi hii uandikwe kwa majina yote manne, kwa sehemu sawa. Mwimbaji atasema yeye ndiye aliyeandika maneno. Ni kweli, lakini mdundo uliomfanya ayapate maneno hayo ulitoka kwa mpiga dramu saa nne usiku, na gitaa lilibadilisha mwelekeo wa kiitikio mara tatu. Kupima mchango huo kwa asilimia ni kukaribisha mahakama kwenye chumba cha mazoezi. R.E.M. ya Marekani, iliyoanza mwaka 1980, kwa miaka mingi iliandika nyimbo zake kwa majina ya wote wanne, Berry, Buck, Mills na Stipe, na ilidumu mpaka ilipoamua yenyewe kuachana kwa amani mwaka 2011. Mkigawana sawa, mtu atapigania wimbo bora badala ya kupigania wimbo wake.

Mrabaha una milango mitatu na watu huichanganya. Kwa miaka mingi watunzi wamekuwa na chama cha MCSK, waimbaji na wapigaji waliorekodi PRISK, na wenye rekodi yenyewe KAMP. Leseni za vyama hivi zimekuwa na mvutano mkubwa miaka ya karibuni, hata zikafika mahakamani, kwa hiyo kabla ya kujiunga ulizeni KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni chama gani kina leseni mwaka huo. KECOBO pia husajili kazi za sanaa mtandaoni. Sajilini kila wimbo kabla ya kuuachia hewani. Na kuhusu rekodi, sheria humtambua kama mwenye rekodi yule aliyefanya mipango ya kuitengeneza. Prodyuza akiwaambia "njooni nirekodi bure", muulizeni kwa upole, na kwa maandishi, masta, yaani rekodi yenyewe ya asili, itakuwa ya nani. Bure nyingi hulipwa kwa masta.

Pesa za shoo ziingie mahali pamoja, na mshika pesa asiwe kiongozi wa bendi. Kabla ya kukubali malipo, pigeni hesabu kuanzia mlangoni kwenu mpaka mlangoni kwenu. Shoo ya Westlands inayoisha saa saba usiku ina safari mbili. Kwenda mnaweza kujibana kwenye matatu ya 35/60 mpaka mjini na kubadilisha, lakini kurudi na besi, gitaa na dramu usiku wa manane ni gari la kukodi, tena moja kubwa au mawili. Bendi nyingi hukubali malipo yanayotosha kwenda tu. Kama kuna msichana kwenye bendi, gari la kumfikisha nyumbani liwe kwenye bei tangu mwanzo, wala lisiwe fadhila inayojadiliwa barabarani. Na awe mwanabendi kamili kwenye ile karatasi. Murfy's fLaw, mojawapo ya bendi za roki zilizojulikana sana Nairobi, ilibebwa na sauti ya Reema Doshi, na hakuna aliyemwona kama pambo.

Mwisho, pigeni nyumbani. Huko Westlands nendeni, roki ina wapenzi wake kule, lakini msiuache mtaa kana kwamba hauna masikio. Ethic walitoka Umoja hii hii, na mwaka 2018 "Lamba Lolo" ikatikisa nchi nzima bila kusubiri baraka za mtu yeyote wa upande ule wa mji. Sarabi walitoka Eastlands wakapeleka muziki wao wa kudai haki nje ya mipaka. Dandora ilizaa Kalamashaka, na watu wa Mau Mau Camp walipoungana na Ukoo Flani wa Mombasa ikawa Ukoo Flani Mau Mau, kundi lililobeba makundi mengi ndani yake bila kuyameza. Wasikilizaji wa huku wamezoea muziki unaosema kweli kwa sauti kubwa; gitaa la umeme halitawashtua. Tafuteni ukumbi Jumamosi mchana, gaweni jukwaa na kundi la hip hop la mtaani na hata mzee wa benga kama yupo, ombeni kibali cha kelele kutoka kaunti mapema, na malizeni kabla ya saa mbili usiku. Waalikeni wazazi wenu. Waalikeni pia wale wa bendi zenu za zamani, muwape kiti cha mbele, na mmoja wao akitaka kupanda apige wimbo mmoja, mpisheni.

Basi, kabla ya mazoezi ya wiki ijayo, kila mmoja ampigie simu kiongozi wa kundi alilotoka na kumwomba wakutane. Karatasi ya makubaliano iandikwe siku hiyo hiyo mtakapokutana wanne, kabla ya amplifaya kuwashwa.